Mkono Mpaka Chini ya Gunia: Mwongozo wa Kujifunza Kuamini Machale Yako

Asubuhi moja pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza kando ya Ziwa Victoria, nikiwa mwaka wa pili tu katika biashara ya dagaa, nilisimama mbele ya magunia 12 na roho yangu ikakataa. Sababu sikuwa nayo. Dagaa wa juu waling'aa, bei ilikuwa nzuri, na dalali nilimfahamu kwa sura. Nikasema, "Kaka, ngoja kwanza." Akanijibu, "Dada yangu, gari la Tunduma linapakia sasa hivi. Wasiwasi wa nini?" Makuli wawili waliokuwa karibu wakageuka kuniangalia. Nikaona aibu, nikalipa.

Siku mbili baadaye mteja wangu wa Tunduma akanipigia simu. Juu ya kila gunia dagaa walikuwa wazuri. Kuanzia katikati kwenda chini walikuwa na unyevu, wameanza kugeuka rangi, na kitako cha gunia kilikuwa mchanga. Mtaji wa miezi saba ulikwenda na maji.

Nilipomsimulia shangazi, ambaye ameuza dagaa tangu mimi sijazaliwa, hakunilaumu. Aliniuliza swali moja: "Kuli alipolitua gunia chini, lililiaje?" Nikafikiri, nikakumbuka. Gunia la dagaa wakavu likitua hulia kama majani makavu yaliyokanyagwa. Yale yalitua "pu!", kimya, kama gunia la viazi. Sikio langu lilisikia na roho ikakataa, lakini kichwa hakikupata habari kwa wakati.

Tangu siku ile nimekuwa nikijifundisha kwa makusudi kuyasikiliza machale, yaani ile hisia inayofika kabla ya sababu yake, kama mtu anavyojifunza kushona. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoyajaribu mwenyewe, pamoja na machache niliyojifunza kwa watu waliolichunguza jambo hili kitaalamu. Yana hatua, na hatua zenyewe hazilingani uzito. Ya nne ndiyo itakayokuchosha, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote.

Hatua ya 1: Elewa machale yanatoka wapi

Tukisema "machale yamenicheza" huwa tunamaanisha kitu kilicho kati ya onyo la Mungu na bahati. Simbishii mtu imani yake. Ila kuna upande wa jambo hili unaoweza kuufanyia kazi kwa mikono yako, nao ndio ninaouzungumzia.

Herbert Simon, Mmarekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, aliieleza hisia ya namna hii kuwa ni utambuzi. Hali iliyo mbele yako ina dalili, dalili inaamsha kitu kilicholala katika kumbukumbu, na kumbukumbu inakuletea jibu kabla hujaliomba. Ndivyo unavyoitambua sauti ya mama yako kwenye simu kwa neno "haloo" tu. Huanzi kuchambua.

Gary Klein, mwanasaikolojia naye wa Marekani, alianza kuwachunguza makamanda wa zimamoto miaka ya 1980. Mmoja alisimulia kwamba aliingia na kikosi chake katika nyumba iliyokuwa inawaka jikoni. Walimwaga maji, moto ukapungua kidogo kisha ukarudi. Ghafla akahisi kuna kitu hakiko sawa, akaamuru wote watoke. Punde si punde sakafu waliyokuwa wamesimama ikaporomoka, kwa maana moto wenyewe ulikuwa chini yake. Yeye aliamini ana kipawa cha ajabu. Klein alipomhoji taratibu, dalili zikajitokeza: sebule ilikuwa na joto kali kuliko moto wa jikoni wa kiasi kile unavyotoa, na moto ulikuwa kimya mno. Kwangu mimi kimya kile na "pu!" ya gunia langu ni ndugu.

Mwili nao unaweza kutangulia. Mwaka 1997 kundi la watafiti Antoine Bechara na Antonio Damasio, huko Iowa, Marekani, lilichapisha jaribio la karata. Washiriki walichagua kutoka mafungu manne, mawili kati yake yakiwa ya hasara. Baada ya karata 10 hivi, viganja vyao vilianza kutoa jasho walipotaka kugusa mafungu mabaya, ilhali wengi waliweza kueleza mchezo wenyewe kufikia karata ya 80 hivi. Watafiti waliokuja baadaye wamebisha kwamba washiriki walijua mapema kuliko ilivyodhaniwa, nami naona ubishi huo una haki yake. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kununua kitu huku kiganja kimelowa jasho anajua ninachosema.

Hatua ya 2: Chora mpaka wa machale yako

Hapa ndipo ushauri mwingi wa "usikilize moyo wako" unapopotosha watu. Moyo uleule unaoona mbali sokoni unaweza kuwa kipofu kabisa nyumbani.

Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2002, alitumia maisha yake akionyesha jinsi hisia za haraka zinavyotudanganya. Klein alitumia yake akionyesha jinsi zinavyookoa watu. Mwaka 2009 waliandika pamoja makala ya kutafuta wapi wanatofautiana, wakakubaliana juu ya masharti mawili. Kwanza, jambo lenyewe liwe na utaratibu, dalili zake zijirudie. Pili, uwe umelifanya muda mrefu huku ukipata majibu ya kukuonyesha ulipopatia na ulipokosea.

Mjomba wangu amevua dagaa kutokea Igombe zaidi ya miaka 20. Ziwa lina utaratibu wake: mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani, na dhoruba nyingi za ziwani hupiga usiku kuelekea alfajiri. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikijaa watu hupumzika. Kwa hiyo mjomba amelisoma anga lilelile, saa zilezile, maelfu ya mara, na jibu alilipata usiku uleule. Akisema "leo hapana", nami nyavu zangu nisingezitoa. Wala hilo halimzuii kusikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kushusha mtumbwi. Anasema roho yake inaona mpaka upeo wa macho tu, rada inaona ng'ambo.

Sasa mtazame kijana anayebashiri kwa hela, anaweka mkeka wa mechi nane akisema, "Hii timu naisikia kabisa." Majibu anayapata kila wikendi, lakini matokeo ya mechi nane kwa pamoja hayana utaratibu ambao hisia inaweza kuushika. Sharti la kwanza limevunjika. Anachokisikia ni hamu ya kushinda.

Sharti la pili huvunjika kimyakimya zaidi. Kwenye kikoba chetu kulikuwa na mama aliyejisifu kwamba anamtambua mkopaji mbaya kwa kumtazama tu. Aliwakataa wengi. Lakini aliowakataa hawakukopeshwa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kujua kama wangelipa. Miaka sita ya kukataa haikumfundisha kitu, na kila mwaka alizidi kujiamini.

Chukua karatasi, piga mistari miwili upate safu tatu. Safu ya kwanza: mambo uliyoyafanya mara nyingi na jibu lake unalipata upesi. Ya pili: mambo unayoyafanya mara nyingi lakini jibu halirudi, au hurudi baada ya miaka. Ya tatu: mambo mageni kwako. Yangu yalitoka hivi. Kwanza: ubora wa dagaa, mteja mwenye nia ya kununua na asiye na nia, hali ya mwanangu akianza kuumwa. Pili: nani wa kumkopesha, nani wa kumwajiri. Tatu: viwanja, hisa, gari. Safu ya kwanza ndiyo yenye machale ya kuaminiwa. Kwenye ya pili, machale ni maoni. Kwenye ya tatu, tafuta mtu ambaye jambo hilo liko katika safu yake ya kwanza, umlipe chai akuongoze.

Hatua ya 3: Ijue sauti yake mwilini

Kila mtu machale humkalia mahali pake. Mimi mkono huwa mzito na shingo hukaza kwa nyuma. Shangazi husema tumbo lake "linafunga mlango". Huwezi kuambiwa lako liko wapi. Inabidi ulivizie.

Zoezi langu ni la samaki. Kwa siku saba, ukienda kununua sato au sangara, simama hatua mbili kutoka kwenye meza. Kabla hujagusa, jiambie: huyu ni wa leo au wa jana? Sikiliza mwili ulichosema na mahali uliposemea. Halafu sogea uthibitishe: jicho liwe angavu na lililotuna, mashavu yakifunuliwa ndani yawe mekundu, nyama ukiibonyeza irudi juu. Zoezi hili ni zuri kwa sababu jibu linapatikana hapohapo na gharama yake haipo. Kama hununui samaki, tafuta la kwako: mwanafunzi gani leo hajafanya kazi ya nyumbani, injini ipi itakataa kuwaka. Kitu kidogo, jibu la siku hiyohiyo.

Ukishaanza kuisikia, itenganishe na wanaojifanya kuwa yenyewe. Kwa uzoefu wangu hofu ina maneno mengi. Inasimulia, inatoka kwenye gunia inafika kwenye ada ya shule ya mwaka kesho. Machale husema neno moja kuhusu kilicho mbele yangu, kisha hunyamaza. Tamaa inakuja na furaha na haraka, na inakasirika ukiiuliza swali. Tofauti hizi si sheria, na kuna siku zitakuchanganya. Ndiyo maana ipo hatua inayofuata.

Na usiamue chochote kikubwa ukiwa na njaa, usingizi, au umetoka kugombana. Nimewaona wenzangu wakishuka basi la usiku Nyegezi na kwenda moja kwa moja sokoni kununua mzigo. Kwa saa ile roho haisemi, inalalamika tu.

Hatua ya 4: Fungua daftari

Kila familia ya mwambao huu ina hadithi ya mtu ambaye roho ilimkataza kupanda meli. Baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996, na baada ya MV Nyerere kupinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018, hadithi hizo zilikuwa kila nyumba. Naziheshimu, maana nyuma yake kuna misiba. Lakini jiulize: ni mara ngapi watu walewale walisita, wakapanda, wakafika salama, wakala chakula cha mchana na kusahau kwamba walisita? Kumbukumbu hubakiza machale yaliyopatia na kuyazika yaliyokosea. Tena tukio likishatokea, mtu hujiona alijua tangu mwanzo. Hamdanganyi mtu. Hivyo ndivyo kichwa cha binadamu kinavyopanga mambo.

Dawa yake ni kuandika kabla jibu halijaja. Nunua daftari la kawaida, lisilo la mahesabu ya duka. Kila jambo lipe mistari sita: tarehe na jambo lenyewe, roho inasema nini, kwa nguvu kiasi gani kuanzia 1 mpaka 10, jicho au sikio limeona nini (kama hujui, andika "sijui"), umeamua nini, na siku utakayorudi kuangalia. Mfano kutoka kwenye langu, mwezi wa tatu wa masika:

"Magunia 8, mwalo wa Kayenze. Roho: hapana, nguvu 7. Nimeona: sijui, labda harufu. Nimeamua: nimenunua 2 tu ya kujaribu. Kuangalia: Jumamosi."

Jumamosi nilikuta moja limekauka vizuri na moja lilikaushwa mchangani wakati wa mvua, likaharibika. Nikaandika: "Nusu kwa nusu. Harufu ilikuwa kweli."

Mambo mawili yatakusumbua. La kwanza ni uvivu: utaandika wiki mbili, utaacha. Mimi nililifunga daftari kwa kamba kwenye mkoba wa hela, kwa hiyo nikitoa hela naliona. La pili ni kishawishi cha kurekebisha. Ukikosea utatamani kuongeza neno "lakini nilikuwa na wasiwasi kidogo". Usiongeze. Andika kwa kalamu ya wino, na usifute.

Andika pia zile mara ambazo roho ilisema "ndiyo". Watu huyachukulia machale kuwa ni onyo tu, ilhali nusu ya kazi yake ni kukupa ruhusa. Wateja wangu wawili wakubwa niliwapata kwa sababu kitu kiliniambia "mtu huyu ni mkweli" na daftari lilikuwa limekwisha kunionyesha kwamba, kwa wanunuzi wa dagaa, nikisikia hivyo mara nyingi huwa kweli.

Hatua ya 5: Iulize roho, "Umeona nini?"

Roho ikikataa, usiitii papo hapo na usiifukuze. Ihoji kama shangazi alivyonihoji mimi. Nimeona nini? Nimesikia nini? Nimenusa nini? Kitu gani kilitakiwa kuwepo na hakipo? Swali la mwisho ndilo lenye mavuno zaidi, kwa sababu machale mengi hutokana na pengo: kelele isiyokuwepo, mtu ambaye hakuniangalia machoni, risiti isiyotolewa.

Kisha peleka mkono. Kwenye dagaa hili si fumbo: unafungua gunia, unazamisha mkono mpaka kwapa, unatoa dagaa wa chini kabisa. Unawakunja. Mkavu hukatika, mwenye unyevu hupinda. Unasugua kiganja kuona mchanga. Kila jambo lina mkono wake wa kuzamisha. Kwa nyumba ya kupanga, njoo wakati mvua inanyesha. Kwa kazi mpya, ongea na aliyeacha kazi hiyo. Kwa fundi, kaone alichojenga mwaka juzi.

Ikiwa huoni dalili yoyote, kuna mbinu ya Klein ninayoipenda. Jiweke mwaka mmoja mbele na ujiambie kwamba jambo hili limeshafeli vibaya. Halafu andika kwa dakika tano jinsi lilivyofeli. Usiulize kama linaweza kufeli, maana kwa swali hilo mdomo hujibu "halitafeli" na unalala. Sema limefeli, kalamu itakuonyesha roho ilikuwa imeona nini.

Hatua ya 6: Pima gharama ya kukosea pande zote mbili

Daftari na maswali yanahitaji muda, na kuna saa ambazo muda haupo. Usiku bodaboda anakata kona tofauti na njia yako. Chombo kimejaa mpaka watu wanakaa juu ya mizigo. Katika saa hizo usidai ushahidi kutoka kwa roho yako. Ukitii na ikawa imekosea, umepoteza nauli na labda umemkwaza mtu. Usipotii na ikawa imepatia, hapana daftari la kurekebisha hilo.

MV Nyerere ilitengenezwa kubeba watu wapatao 100. Siku ile ilikuwa siku ya gulio Bugolora, ilikotoka, na ilibeba zaidi ya mara mbili yake. Waliofariki walizidi 220. Siandiki haya kuwalaumu waliopanda: walikuwa wanarudi nyumbani, na chombo kilikuwa hicho. Naandika kwa ajili yako utakayekuwa gatini kesho, jicho lako limeona, na mtu nyuma yako anakusukuma akisema "panda, twende". Una haki ya kushuka bila kumweleza yeyote.

Kwa mambo ya hela, kinachoua machale ni haraka ya mtu mwingine. Meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" hufanya kazi kwa kumkuta mtu aliyekuwa kweli anataka kumtumia mtu hela, akiwa katikati ya shughuli. Mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kunyonya, nao husainiwa mtoto akiwa amerudishwa nyumbani kwa ada, wakati ambao mtu hasikii kitu isipokuwa shida yake. Nimeshakopa huko. Mkono ulikuwa mzito kuliko siku ya yale magunia, nikauinua, nikasaini.

Kwa hiyo weka sentensi tayari mdomoni, uzizoee mpaka zitoke zenyewe:

"Nashukuru, kaka. Naomba nilale nalo, nitakujibu kesho asubuhi."

"Mimi kwetu hatuamui hela bila kushauriana. Nitakupigia."

"Kama ni lazima iwe sasa hivi, basi jibu langu ni hapana."

Ya tatu ni nzito, hasa kwetu tuliolelewa kutomkatalia mtu mzima usoni. Kwa aliyekuzidi umri itangulize na "shikamoo" na "samahani, baba", lakini maneno yabaki yaleyale. Biashara ya halali husubiri usiku mmoja. Katika miaka yangu yote pale Mwaloni, mizigo mizuri niliyoikosa kwa kusubiri naweza kuihesabu kwa vidole, na mibaya niliyoiponea siwezi.

Hatua ya 7: Machale kuhusu "watu wa aina fulani" yatilie shaka

Hatua hii naiandika kwa uchungu. Katika nchi yetu ya Usukuma, kwa miaka mingi, vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu na mtu fulani "alihisi" kwamba ni wachawi. Macho yale yaliharibiwa na moshi. Mwanamke aliyepikia kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya nyumba ya udongo kwa miaka 50, macho yake yatakuwa mekundu. Walioua walikuwa na hisia kali kwa uhakika kabisa, na hisia ile ilikuwa uongo walioupokea kwa wakubwa wao kabla hawajajua kusoma.

Kilichowekwa ndani yako kwa kusimuliwa husikika mwilini sawasawa na kilichoingia kwa uzoefu. Shingo hukaza vilevile. Kwa hiyo hisia yako ikihusu kabila la mtu, dini yake, umri wake, umaskini wake au ulemavu wake, uliza: amefanya nini mbele ya macho yangu? Kama jibu ni "hajafanya kitu, ila watu wa hivi…", hayo ni masimulizi, wala hayahusiani na machale. Kama jibu ni "amenifuata kutoka stendi na amegeuka nilipogeuka", ondoka haraka, awe nani awe nani.

Hatua ya 8: Kwa aliyefundishwa kutojiamini

Wako watu, na wengi wao ni wanawake, walioambiwa tangu utotoni "una wasiwasi tu", "unajifanya unajua", mpaka wameacha kuisikia roho yao kabisa. Ukimuuliza anataka chai au uji, anakutazama wewe usoni ajue unataka ajibu nini. Dada yangu, kama ni wewe, usianze na mambo makubwa. Usianze na ndoa wala kiwanja. Kwa mwezi mzima amua vitu vidogo bila kumuuliza mtu: nyanya za fungu lipi, kanga ipi, upande gani wa daladala utakaa. Ukikosea, umekosea fungu la nyanya. Roho hurudi polepole kama mtoto aliyekaripiwa, na ukiifokea itajificha tena.

Na wako ambao kengele inalia muda wote: waliopigwa, walionusurika ajali, waliobakwa. Kwao kila mlango unaobishwa ni hatari. Daftari peke yake halitoshi hapo. Hospitali za rufaa zina kliniki ya afya ya akili, na kwenda huko ni sawa na kwenda kufungwa mfupa uliovunjika. Nilimsindikiza rafiki yangu, nikakaa naye kwenye benchi mpaka alipoitwa.

Hatua ya 9: Hesabu kila baada ya miezi mitatu

Kaa chini na daftari. Gawa mambo kwa aina, kisha hesabu roho ilipatia mara ngapi na ilikosea mara ngapi. Mara ya kwanza nilipofanya hivi, kwa dagaa nilikuwa nimepatia 23 kati ya 27. Kwa kukopesha watu nilikuwa nimepatia 5 kati ya 11, yaani hata ningerusha shilingi ningekaribia hapo. Nikabadilisha utaratibu siku hiyohiyo: dagaa nanunua kwa roho na mkono, mkopo natoa kwa mdhamini na maandishi, hata kwa mtu ninayempenda. Angalia pia ile namba ya nguvu. Kwangu mimi nguvu 8 kwenda juu hukosea mara chache, na nguvu 4 haina maana yoyote. Yako itakuwa tofauti.

Na ukibadilisha kazi, anza upya. Mdogo wangu aliuza dagaa miaka mingi, machale yake yakawa makali kuliko yangu, kisha akaingia ufugaji wa sato kwenye vizimba. Miezi ya mwanzo aliendelea kuamua kwa roho ileile: chakula kiasi gani, vifaranga kutoka kwa nani, lini maji hayako sawa. Alikuwa analijua ziwa, ila hakuwa anamjua samaki aliye hai ndani ya wavu. Samaki walikufa wengi. Sasa ana daftari jipya, na tumekubaliana kwamba mpaka amalize mzunguko mzima, kuanzia kupandikiza vifaranga mpaka kuvuna, ataandika roho inasema nini lakini atafuata maelekezo ya mtaalamu wa uvuvi. Wiki iliyopita alinitumia picha ya ukurasa. Ameandika: "Asubuhi hawajaja juu kula kama kawaida. Roho: oksijeni, nguvu 6. Nimempigia mtaalamu kwanza."